Vijidudu vya Mzee Tangi

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mlezi wa vijidudu, wala haoni haya kusema hivyo. Chini kabisa ya meli ya abiria, ukishapita injini, ndipo lilipokuwa tangi la maji taka, na ndiyo maana mabaharia wakamwita Mzee Tangi. Vyoo mia mbili vilimwaga humo. Yeye alipuliza hewa kwa pampu, vijidudu wakala uchafu, na maji yakaenda baharini safi. Meli ikilala bandarini bila abiria, vijidudu hushikwa na njaa. Basi aliwamwagia sukari yake, akanywa chai hivyohivyo. Tangi lenye afya hunukia udongo ulioloa mvua. Ukimbishia, atakushusha ukanuse.

Kisha akaletwa injinia mpya wa maji, naye hakuwa mwingine ila shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye Mzee Tangi mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika spana. Sasa jamaa ana cheti, ana chumba chenye dirisha. Na mke kila akipiga simu: "Mdogo wangu hajambo? Amekula?" Kama mume naye amekula, hilo halikuulizwa. Roho ilimuuma, na tusimfichie aibu, ulikuwa wivu mtupu.

Alhamisi mkaguzi wa bandari angekuja kupima maji. Yakikataliwa, meli haing'oi nanga. Jumanne shemeji akashuka, ananukia manukato.

"Shemeji, vyoo vinatoa harufu. Nataka wasafishaji wamwage klorini vyooni, ndoo nzima kila korido, mkaguzi akute panang'aa. Unaonaje?"

Klorini huua vijidudu wote, haichagui. Shemeji alisomea pampu na mabomba, hili hakulisomea. Neno moja tu lingetosha. Mzee Tangi akafuta mikono kwa tambara, polepole.

"Injinia ni wewe, shemeji."

Alhamisi mkaguzi alichota chupa moja, akainusa, akageuza uso. Meli ikazuiwa. Nahodha akamfokea shemeji mbele ya watu, na Mzee Tangi, aliyejibanza nyuma, akangoja utamu wa jambo lile umfikie. Kilichomfikia ni harufu ya mayai viza. Akateremka ngazi mbiombio, akafunua mfuniko. Maji yalikuwa ya kijivu, povu limekufa. Akamimina kopo zima la sukari, akangoja. Hapakuwa na wa kuila.

Mchuma janga hula na wa kwao. Shemeji alimkuta palepale, kopo tupu mkononi.

"Nilikuuliza, shemeji. Ulikuwa unajua?"

"Nilijua. Nilikuonea wivu."

Shemeji akalichukua lile kopo tupu.

"Dada atapiga simu jioni, aulize kama nimekula," akasema. "Utamwambia wewe, au nimwambie mimi?"