Uso Ndani ya Bakuli

Udongo hauogi. Shailabala alilijua hilo tangu alipoletwa nyumba ya kina Majumdar akiwa bi harusi, kwa sababu kila mwaka, mungu wao wa kike, Mama Durga, anapokuja kukaa kwao siku zake chache, kinachoogeshwa ni kioo. Kuhani hukiweka mbele ya sanamu yake ya udongo mpaka kishike sura yake, kisha hukimwagia maziwa, asali na maji ya manjano. Manjano husagwa na Shailabala. Mwaka mmoja alimuuliza kuhani, mzee Nibaran, kwa nini wasimuogeshe Mama mwenyewe.

"Jaribu, mama," alimjibu. "Jioni utakuta unaabudu mianzi na majani ya mpunga."

Siku ya kuagana, kioo hicho huzamishwa kwenye bakuli pana la shaba, na watu wa nyumba hupita mmoja mmoja, wakainama na kuitafuta miguu ya Mama ndani ya maji. Wanawake wenye waume hutangulia, rangi nyekundu utosini. Wajane hufuata na nguo zao nyeupe, nao husimama upande wa nguzo.

Tangu mumewe afe, Shailabala hakuwahi kuiona miguu hiyo. Kila alipoinama aliuona uso wake, basi. Alifunga. Aliamka kabla ya ndege kuchuma maua mekundu. Alilitaja jina la Mama hata akikoroga dengu. Wapi! Wala hakumwambia mtu. Utaanzaje kusema kwamba Mama wa ulimwengu mzima amekukataa wewe peke yako?

Mwaka huu alifungasha nguo zake. Akiikosa tena ile miguu, angekwenda mji mtakatifu wa Kashi akangoje kufa kando ya mto pamoja na wajane wengine. Aliyeambiwa ni Tarulata tu, mke wa shemeji yake.

"Kashi! Nyani wa huko wezi, dada. Watakuibia hata meno."

"Wachukue. Yamebaki machache."

"Na mimi nitagombana na nani?"

Ngoma zikabadili mlio, zikaanza ule wa kuaga. Zamu yake ikafika. Akaenda penye nguzo, akainama. Uso wake ule ule, mashavu yamebonyea, jicho moja limeanza kufunga ukungu. Akajiinua taratibu.

"Sasa hapo unatazama nini?" Tarulata alimfokea. "Hapo huoni kitu ila pua yako! Njoo huku mbele."

"Mjane hasimami huko."

"Nani kasema? Mzee Nibaran, ni wewe?"

Kuhani alikuna sikio. "Vitabuni sijaliona. Wa zamani walisimama hivyo, basi na sisi tukasimama."

Watu wakacheka. Tarulata akamshika mkono, akamvuta. Shailabala akainama, na miguu ilikuwepo: midogo, nyayo zimepakwa wekundu, kidole gumba kina ufa. Chozi likadondoka, miguu ikavunjika vipande, kisha ikarudi.

Kumbe miaka yote ni mahali pa kusimama tu. Furaha ilikuja kama alivyoitarajia, lakini haikukaa peke yake. Mama hakuwa amemkataa, sawa. Basi yule wa penye nguzo, aliyemtokea kila mwaka bila kukosa, alikuwa nani? Kuhani huogesha kioo, na hakuna anayebisha kwamba aliyeoga ni Mama.

Akarudi penye nguzo, safari hii kwa hiari yake. Bibi kizee yule alikuwa pale pale majini, akimtazama bila haraka. Shailabala alichovya vidole, akamgusa, akavipeleka kwenye paji la uso wake, kama mtu agusavyo miguu ya mkubwa wake.

"Dada, unamsujudia nani huko?"

"Bado sijamjua vizuri," alisema. "Ila amenisubiri sana."

"Na Kashi?"

Shailabala alijifuta mikono kwa upindo wa nguo. "Sogea, wenzako wanangoja. Na ile mizizi ya manjano iliyobaki usiitupe. Ianike, nitaisaga mwakani."