Kiswahili Kibaki, Aliyekiandika Atoke

Mwalimu wa kompyuta alinichukia tangu siku niliyoingia na soksi yenye tundu. Chumbani kwake viatu vinavuliwa mlangoni kwa sababu ya vumbi la Singida, na kidole gumba changu kilitangulia kumsalimia. Mimi pia sikumpenda. Mnoko yule, mkali asiye na dogo, alizilinda zile kompyuta za msaada kana kwamba kazizaa yeye.

Kulikuwa na programu ndogo ya maswali ya hesabu, iliyofunguka ndani ya brauza kutoka kompyuta kuu ya mezani kwake. Ilijua Kiingereza tu, ila maneno yake yalikaa kwenye faili la pembeni. Nikatengeneza faili la Kiswahili, nikaliweka kwenye disketi yangu, nikajigamba mbele ya darasa zima. Mwalimu akasikia. Akatangaza kwamba Ijumaa mkuu wa shule angekuja kuona, na Kiswahili kisipotokea nisingegusa kompyuta tena mpaka nimalize kidato cha nne.

Jumatano nikachomeka disketi kwenye kompyuta ya wanafunzi. Programu ikakataa kuisoma. Nikaipuliza, nikaiamrisha kwa Kinyaturu, wapi. Darasa likanicheka, mimi niliyezoea kuwachekesha.

Jibu nililikuta kwenye kitabu cha mafunzo: programu inayoletwa na brauza hairuhusiwi kupekua diski za mashine ilikofikia, isije ikaiba. Inasoma vya kule ilikotoka tu. Kwa hiyo faili langu lilitakiwa likae kwa mnoko, ubavuni mwa programu yenyewe.

Nikampelekea shikamoo ya adabu mpaka nikajishangaa. Marahaba yake ilitoka kama anatema mbegu.

“Uchafu wako hauingii kwenye mashine yangu.”

Nikamwambia basi, Ijumaa atamweleza mkuu mwenyewe kwa nini programu yake inaogopa disketi. Akaninyang'anya disketi, akalinakili faili bila kulisoma hata mstari mmoja.

Ijumaa Kiswahili kikatokea. Mkuu akajaribu swali, akakosea, na hapo ndipo nilipokumbuka nilichoandika. Kioo cha kompyuta kikamwambia: “Umekosa. Kwani mnoko alikufundisha nini?”

Mkuu alicheka mpaka akavua miwani. Mwalimu akanyoosha mkono afute faili zima, mkuu akamzuia.

“Futa mstari huo tu. Kiswahili kibaki, aliyekiandika atoke.”

Nikatoka, viatu mkononi. Siku hizi nikipita dirishani nawasikia kidato cha kwanza wakikosea makusudi. Kioo kinabaki kitupu, na ule mstari wanausema wenyewe, darasa zima, kwa sauti.