Kiputo cha Ukurasa wa Kumi na Moja

Watu wa mtaani walimwita Bi Mwandiko, na mwenyewe alikuwa amefika mahali pa kuitikia jina hilo haraka kuliko lile la kuzaliwa. Kazi yake ilikuwa kuandika majina kwenye vyeti vya shule na vyuo. Waliomletea kazi walijua fika kwamba kompyuta zipo, ila walisema cheti kilichopitiwa na mkono wake humfanya hata aliyefaulu kwa kubahatisha aonekane msomi. Alikuwa na miaka sitini na minne, hakuolewa, na aliishi na mdogo wake, mshonaji. Ukumbini cherehani ilikaa upande wa dirisha na meza ya vyeti upande wa mlango, na ugomvi wao mkubwa ulikuwa juu ya nyuzi zinazopeperuka na kunata kwenye wino mbichi.

Asubuhi moja simu ikaita.

"Shikamoo mama. Mimi ni mhariri, natoka kampuni ya vitabu. Samahani, wewe ndiye uliyekuwa ukiandika maneno kwenye Watano wa Alfajiri?"

Bi Mwandiko aliweka kalamu chini. Tangu aache kazi ile hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo.

"Marahaba. Nani kakwambia?"

"Mchoraji. Amesema tukitaka kujua mle ndani kuliandikwa nini, tukuulize wewe."

Watano wa Alfajiri kilikuwa kitabu cha katuni kilichotoka kila mwezi: mashujaa watano, kila mmoja na nguvu zake, wakiulinda mji mmoja usiopata hata wiki ya amani. Watoto walikisoma mpaka kurasa zikalegea, na wakubwa walikisoma wakijificha nyuma ya gazeti. Sasa kampuni ilitaka kulichapa upya toleo la kwanza. Nakala pekee iliyopatikana ilikuwa nzima, ila mtoto mmoja wa zamani, Mungu amsamehe, alikuwa amevipaka kalamu nyekundu viputo vyote vya kurasa nne, vile viduara vinavyobeba maneno ya wahusika. Alikuwa amevipaka kwa bidii mpaka karatasi ikachunika.

Mhariri alikuja siku ya pili yake, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kitabu kakiweka ndani ya mfuko wa plastiki kama mtu aliyebeba yai. Mdogo mtu akaacha kushona, akavuta kigoda. Bi Mwandiko akafungua.

Alidhani atakutana na jambo kubwa. Alikutana na kurasa ishirini na nne za haraka haraka. Adui alikuwa Bwana Ukungu, aliyetaka kuliiba jua. Nyundo, shujaa mwenye maguvu, alivunja ukuta mara tatu, na mara zote tatu ulikuwa ukuta uleule.

"Dada," mdogo wake alisema, "huyu Bwana Ukungu akishaliiba jua ataliweka wapi?"

"Nilimuuliza mtunzi. Akaniambia niandike nilichopewa."

Kwenye ukurasa wa tatu akakuta kosa lake mwenyewe: "Tumechlewa!" Herufi moja imeruka. Aliona aibu mbichi kabisa, utadhani wino bado haujakauka. Lakini alipofika pale watano wanapokutana mara ya kwanza juu ya paa la kiwanda, mvua inanyesha, hakuna anayemjua mwenzake wala anayesema neno, mwili ulimsisimka. Alikuwa amesahau kwamba ukurasa ule haukuwa na hata kiputo kimoja, na kwamba ndio alioupenda kuliko yote.

Ukurasa wa kumi na moja ulionyesha daraja lililokatika katikati. Upande mmoja alikuwa Nyundo, upande wa pili Kimulimuli, mwanamke pekee katika kikosi. Mikono yao imeshikana juu ya pengo, mmoja akimvuta mwenzake. Kiputo cha Kimulimuli kilikuwa doa jekundu.

"Hiki hakina shida," mhariri alisema. "Tumepata muswada wa mtunzi. Hapa Kimulimuli anasema: 'Niokoe!'"

"Muswada ulisema hivyo. Mimi niliandika, 'Shikilia, nakuvuta!'"

Mhariri akamtazama. "Kwa nini, mama?"

Ikabidi aeleze. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, anakaa meza moja na mchoraji, juu ya mashine za kuchapa. Mashine zikinguruma, sakafu ilitetemeka. Ilibidi angoje zivute pumzi ndipo aandike mstari. Siku ile alimaliza kurasa kumi, akaona Kimulimuli ameshapiga ukunga mara nne na kuokolewa mara mbili. Akaiangalia picha ya daraja. Kwa macho yake, bega lililokuwa likifanya kazi lilikuwa la yule mwanamke. Akaandika alichokiona.

Kitabu kilipotoka, mtunzi alifoka mpaka watu wa chini wakasikia. Wiki tatu baadaye barua zikaanza kumiminika, nyingi za wasichana, zote zikimtaja Kimulimuli na daraja. Mtunzi akaacha kufoka. Akasema wazo lilikuwa lake, na kufikia toleo la tano Kimulimuli ndiye aliyekuwa kiongozi wa kikosi. Kwenye orodha ya waliotengeneza kitabu aliwekwa mtunzi, mchoraji, mtia rangi, na hata dereva wa gari la kusambaza. Bi Mwandiko hakuwekwa. Alivumilia mwaka mzima, kisha akaondoka.

"Nakuamini, mama," mhariri alisema polepole. "Lakini mtunzi ni marehemu, na wanawe ndio wenye haki ya kitabu. Nitahitaji shahidi."

Mhariri alipoondoka, Bi Mwandiko alikaa na kalamu kavu mkononi. "Marehemu hajitetei," alisema. "Nikamwite mwongo kaburini, kwa ajili ya maneno mawili?"

"Na aliye hai je, nani atamtetea?" mdogo wake akajibu, akaendelea kushona.

Mchoraji aliishi kwa binti yake. Mikono ilikuwa ikimtetemeka, na macho yalibakiza mwanga kidogo wa kutambulia watu. Walipoingia Bi Mwandiko na mhariri, alinyoosha shingo.

"Ni dada yangu huyo? Bado unanuka wino."

"Na wewe bado huna adabu," Bi Mwandiko alimjibu, na kwa muda wakacheka.

Mhariri alimwekea ukurasa mapajani. Mzee akaushusha mpaka puani kwa kioo cha kukuzia. "Daraja," alisema. "Hapa nilimchora Kimulimuli akianguka. Nyundo anamvuta."

Mhariri akatazama pembeni kwa haya.

"Siku ile hukuniambia," Bi Mwandiko alisema.

"Hukuniuliza."

"Sawa. Sasa nakuuliza. Tazama bega la Kimulimuli, halafu tazama miguu ya Nyundo. Nani kati yao ana pa kukanyaga?"

Mzee akatazama kwa muda mrefu. Kioo kilitoka begani, kikaenda miguuni, kikarudi. Ghafla akaanza kucheka, akacheka mpaka kikohozi kikamshika na binti yake akachungulia mlangoni.

"Nilikosea bega! Gari la kusambaza lilikuwa chini linapiga honi, nikachora kama nakimbizwa. Nyundo ananing'inia kama nguo kwenye kamba! Dada, wewe ndiye uliyeniokoa mimi."

Kisha kicheko kikamwishia. Akakilaza kioo juu ya ukurasa.

"Mwandike, mhariri, kwamba maneno yale ni yake. Nilijua. Siku mtunzi anapongezwa pale ofisini nilisimama karibu naye kuliko nilivyo nawe sasa, nikanyamaza. Niliogopa kibarua kuota nyasi. Watoto watatu, na mama yao mgonjwa. Nisamehe, dada yangu."

"Nilikungoja useme," Bi Mwandiko alisema. "Mwezi wa kwanza, wa pili, mwaka mzima. Wao walidhani niliondoka kwa ajili ya jina. Nilichoshwa kukaa meza moja na mtu anayejua."

Hakusema amesamehe. Alimwambia mzee asogeze kiti, jua linampiga machoni, na alipoona hawezi, akamsogezea yeye.

Binti mkubwa wa mtunzi alinuna wiki nzima. Mwishowe alikubali, kwa sharti kwamba muswada wa baba yake uchapwe nyuma ya kitabu kama ulivyo, "Niokoe!" na yote, wasomaji wajionee. Bi Mwandiko aliposikia alisema hilo ni haki.

Aliviandika viputo vya kurasa nne kwa mkono, siku tisa. Mkono wa ujanani ulikuwa na madaha ambayo huu wa sasa haukuyaweza, ikabidi ajifunze kuuiga mwandiko wake mwenyewe. Aliomba pia asahihishe ukurasa wa tatu.

"Hapana, mama," mhariri alisema. "Wasomaji wa zamani wanalipenda kosa lile. Wakichelewa popote huambiana 'tumechlewa'."

Alikasirika siku mbili.

Kitabu kilipotoka, mdogo wake ndiye aliyeisoma orodha ya watengenezaji, kwanza kimoyomoyo kuhakikisha hakuna herufi iliyoruka, kisha kwa sauti: "Maneno yameandikwa na," halafu jina kamili la dada yake, na la baba na la babu. Bi Mwandiko alimwomba arudie. Akarudia.

Wiki iliyofuata binti wa mchoraji alipiga simu. Baba anataka kusomewa toleo la pili, na akisomewa na mtu mwingine anasema sauti si zenyewe. Bi Mwandiko akaguna, akasema ana vyeti themanini vinamsubiri. Jumamosi akaenda. Jumamosi iliyofuata akaenda tena. Juzi walifika toleo la saba, wakagombana nusu saa nzima juu ya nani alipaswa kugundua kwamba Nyundo ana vidole sita.