Mkwe Wangu Alinilindia Mlango, Sasa Wanataka Kumfunga

Ndugu Mhariri, jina langu na la ofisi yafiche, maana mji wetu ni mdogo na jambo lenyewe bado bichi. Mimi ni mwanaume wa miaka ishirini na tisa, nina mke na mtoto mmoja, nafanya kazi katika chama cha kununua pamba hapa Bariadi.

Kazi yangu wengi wenu hamjaisikia. Naandika programu, yaani maagizo ya kompyuta. Mashine yenyewe iko Dar es Salaam. Mimi huku nina penseli na karatasi tu, naandika lori lipi liende ghala lipi kwa njia ipi, ili pamba itoke kabla ya mvua. Karatasi zinapanda basi, huko maagizo yanatobolewa kwenye kadi, mashine inazisoma na kutoa ratiba. Ukikosea alama moja, yote yameharibika. Kwa hiyo muda mwingi nakaa naangalia ukuta, nafikiri. Nchi nzima imeshika jembe, mimi naangalia ukuta! Ofisini walinicheka. Na kwa kuwa nilionekana sina kazi, kila mtu aliingia kwangu: huyu anataka kiberiti, yule anauliza basi la Mwanza, mwingine nimsomee barua. Wakitoka nimeshasahau nilipofikia, naanza upya. Nilirudi nyumbani na hasira, namfokea mke wangu bure.

Aliyeingia mara nyingi kuliko wote ni baba mkwe. Alikuwa na boma lake Shishiyu, lakini operesheni ya kuhamia vijijini ilipopita nyumba yake ilivunjwa, akaja kukaa kwetu. Kwa sisi Wasukuma, mzee kulishwa na mkwilima, mume wa binti yake, ni aibu, naye anaijua. Nyumbani hakutulia. Kila asubuhi alinifuata ofisini, akanisalimu, "Mwangaluka," akakaa, akanisimulia ng'ombe wake mmoja mmoja. Ningemwambiaje mkwe kwamba nina kazi?

Ndipo akaja mtafiti kutoka mjini, kijana wa shati jeupe na saa kubwa, kuchunguza kwa nini kazi maofisini haziendi. Akakaa kwenye kona yangu, akawa anaandika kila anayeingia. Mwishowe akasema, "Ndugu, wewe si mvivu. Unakatizwa." Nusura nilie. Akamgeukia mkwe: "Mzee, kaa mlangoni. Mtu yeyote asiingie. Yeyote." Nikamtafsiria kwa Kisukuma kwa mdomo wangu mwenyewe. Mzee alifurahi mno, siku ile ile akaja na fimbo yake.

Basi nilifanya kazi! Sikuwahi kufikiri hivyo maishani mwangu, na mtafiti alitabasamu kila alipoangalia saa yake.

Siku niliyokuwa namalizia, karani wa ghala la Kasoli alikuja kwa baiskeli kusema daraja limekatika. Mkwe akamzuia. "Mkwilima wangu anafikiri. Rudi kesho."

"Mzee, ni jambo la haraka."

"Hata mimi ninayekula naye siingii."

Karani akaondoka amenuna, hakurudi; mimi haya niliyajua baadaye. Jioni karatasi zangu zikapanda basi. Ratiba iliporudi, malori yakapita njia ile ile ya daraja lililokatika, yakakwama mtoni, na pamba ya watu wa Kasoli iliyokuwa imerundikwa nje ikanyeshewa yote.

Kikaoni Meneja aligonga meza. "Nani alimfukuza karani? Hii ni hujuma. Huyo mzee apelekwe polisi." Mtafiti akawa anafungua na kufunga mkanda wa saa yake. Tulipotoka akanivuta barazani. "Ukinitaja, ripoti yangu imekufa. Na ndiyo itakayowaambia wakubwa kwamba kukaa ukafikiri ni kazi. Bila hiyo wewe ni mvivu tena, na hii kazi wataifuta."

Anasema kweli, hilo ndilo linaloniuma. Uamuzi umesogezwa hadi mwisho wa mwezi, mkaguzi afike. Mke wangu amesema neno moja tu: "Baba yangu walimvunjia nyumba akanyamaza. Na wewe utanyamaza?" Tangu hapo ananiwekea chakula na kuondoka.

Nilimweleza mzee yote. Alinisikiliza, akasema, "Nitasema ni mimi peke yangu. Wamebakiza nini cha kunichukulia? Wewe fikiri, mwanangu."

Leo pia amekaa mlangoni na fimbo yake. Tangu asubuhi hajaingia mtu, na sijaandika hata mstari mmoja wa kazi, isipokuwa barua hii.

Nishaurini, ndugu wasomaji. Nimtaje mtafiti nipoteze kazi, au nimwache mzee aubebe mzigo huu? Na mkiniambia ninyamaze, basi niambieni pia nitapitaje pale mlangoni.