Miraba Inayotazama Bahari

Dhakia akiona karatasi imebandikwa ukutani, kidole gumba chake cha kulia huinuka chenyewe. Huanza kukwangua pembe moja, taratibu, huku akiendelea kuzungumza nawe habari nyingine kabisa. Nimemwona akifanya hivyo katikati ya Moroni, tangazo la watu likiwa bado bichi. Nimemwona akifanya hivyo Mvouni, juu kule kwenye ubaridi, anakowafundisha vijana kuchora kwa kompyuta. Wanafunzi wake wanadhani ni mwanamke anayependa usafi.

Si usafi. Ni hofu, na ina mwaka wake na mji wake.

Alizaliwa Moroni, mji mkuu wa Komoro katika kisiwa cha Ngazija, mwaka mmoja baada ya mama yake, Bahia, kushushwa hapo na ndege kutoka Majunga. Wakomori waliorudishwa kutoka Bukini, yaani Madagaska, wakati ule, baada ya wenzao kuuawa mitaani, waliitwa Sabena kwa jina la ndege zilizowabeba, na jina likawaganda wao na watoto wao. Bahia alishuka na kichwa cha cherehani kilichofungwa ndani ya shuka. Hakusimulia mengi kuhusu Majunga. Alimwambia binti yake jambo moja tu, akalirudia mpaka likachosha: ukifika kwa watu, usifungue mdomo kabla hujajua wao wanaufunguaje wa kwao.

Dhakia alilicheka hilo. Alikuwa mtu wa Moroni, anasema Kimoroni, na Moroni hakuna aliyemuuliza maswali. Alipokwenda Antananarivo kusoma, alikutana na Loutfia, msichana wa Mutsamudu, katika kisiwa cha Nzwani. Mmoja alijua kuchora, mwingine alijua kuiamrisha kompyuta. Walijifunza pamoja kazi ambayo wakati ule hata walimu wao waliitazama kama mchezo. Wataalamu huiita uhalisia ulioongezwa. Unachapa mraba mweusi kwenye karatasi, ndani yake alama moja rahisi, unaubandika ukutani. Kwa macho ni karatasi tu. Lakini ukiuelekezea kamera ya kompyuta, kompyuta huitambua ile alama, na kwenye kioo, pale pale palipo na mraba, hutokea kitu ambacho hakipo: mti, taa, mtu anayekupungia mkono. Ukisogea, nacho kinageuka nawe, kama kweli kimesimama hapo.

Mwanzoni mwa mwaka 2008 mdogo wake Loutfia alikuwa anakaribia kuolewa, na marafiki hao wawili wakabuni zawadi ya harusi. Wangetumia shiromani, lile vazi la wanawake wa Nzwani, jekundu, jeupe na jeusi, ambalo kila mwanamke wa mji wa kale ana lake la zamani sandukuni. Waliwaomba wenye nyumba wayatoe, wakayapiga picha, wakabandika mraba mmoja kwa kila nguo, kwenye ukuta wa nyumba iliyoitoa. Siku ya harusi wageni wangepita vichochoroni nyuma ya kompyuta iliyobebwa kwenye sinia, na kwenye kioo wangeziona nguo za mama na mabibi zikining'inia juu ya milango, zikipepea bila upepo.

Watu walipenda. Loutfia alikanda gundi ya unga wa muhogo, nzito, isiyotoka kwa mvua. Shida ilikuwa mwanga. Vichochoro vya Mutsamudu ni vyembamba, jua haliingii, na kamera ya siku zile haikuona kitu gizani. Kwa hiyo walichagua kuta zinazopata mwanga wa kutosha, yaani zile zinazotazama bandarini. Miraba yote, zaidi ya thelathini, ilitazama bahari.

Wasanii wawili walifikiria mwanga. Hawakufikiria kwamba kisiwa kilikuwa kimejitenga na serikali ya Muungano wa visiwa iliyoko Moroni, na kwamba kila mtu mwenye bunduki pale alikuwa anatazama bahari vilevile, akingoja majeshi.

Mwezi Machi mambo yaliharibika. Ndege hazikutua tena kwenye uwanja wa Ouani, vyombo vya baharini vilizuiwa, na Dhakia, aliyekuwa amekuja kwa majuma machache, akakwama nyumbani kwa nyanya yake Loutfia. Bwana harusi naye alikwama Moroni. Helikopta ilipita ikamwaga vikaratasi vya kuwaonya watu, na tangu hapo kuonekana na karatasi yoyote mkononi kukawa balaa. Kisha zikaanza habari za miraba. Zilisemwa kwanza sokoni, halafu kwenye kituo cha jandarma, askari wa serikali ya kisiwa: kuna mtu wa Moroni ndani ya mji, amezitia alama nyumba ili watakaoshuka kutoka baharini wajue pa kupita na pa kupiga.

Loutfia alirudi nazo nyumbani, uso umemwiva.

"Wanasema mtu wa Moroni," alisema. "Hawajui ni mwanamke. Wanamtafuta mwanamume."

"Watakaponisikia nikisema watajua," Dhakia alijibu.

Na ilikuwa kweli. Lugha ya Ngazija na ya Nzwani ni ndugu, lakini ndugu wasiofanana sura. Dhakia alikuwa hawezi kuomba maji ya kunywa bila kujitaja kwao. Tangu siku ile alinyamaza. Nje hakutoa hata salamu. Ameniambia kwamba kunyamaza hakukumpunguzia hofu, kulimwachia nafasi ya kuisikiliza.

Nyanya, waliyemwita Koko Ramlati, alikuwa mjane mwenye sauti kubwa na magoti mabaya. Yeye ndiye aliyechagua saa. "Ijumaa," alisema. "Wanaume wote wakiwa msikitini, wenye bunduki na wasio na bunduki. Mtaondoa makaratasi yenu."

Ijumaa hiyo, khutba ilipoanza, wasichana wawili walitoka wamejifunika shiromani hadi puani, na ndoo ya maji na visu vya jikoni. Gundi ya muhogo iliwakomesha. Karatasi ilitoka vipande vipande, na ilipotoka ikabandua na ukungu wa ukutani. Kuta za Mutsamudu ni nyeusi kwa mvua na moshi wa miaka mingi. Palipokuwa na mraba mweusi sasa pakabaki mraba mweupe, safi kama jino, unaoonekana mbali kuliko wa kwanza.

Dhakia alirudi nyuma hatua chache, akatazama, kisu kikamponyoka. Kila alichokifuta kilikuwa kimezidi kuonekana. Zilikuwa zimebaki kuta nyingi, na khutba haikai siku nzima.

Koko Ramlati alikuwa mlangoni anatazama. Aligeuka ndani, akatoka na shiromani yake mwenyewe, akaichovya kwenye ndoo, akaitundika kwenye msumari juu ya ukuta uliokwanguliwa. Ikafunika.

"Leo tunafua," alisema, na akamwita jirani wa kushoto, na jirani akamwita wa mbele.

Hakuna mtu afuaye saa ya sala ya Ijumaa. Lakini masanduku yalifunguliwa tena, na katika muda mfupi kichochoro kizima kikawa chekundu. Nguo zile zile. Kila moja juu ya mlango wake, pale pale ambapo kompyuta ingeionyesha. Loutfia anasema yeye aliliona hilo na kwa dakika moja alisahau kuogopa. Dhakia hakuliona. Alikuwa anahesabu kuta zilizobaki.

Walirudi nyumba ya Koko Ramlati mwenyewe mwisho, kwenye mraba wake wa pili, upande wa pili wa mlango, na karatasi ya pale ikakataa kabisa. Sala ilikuwa imekwisha, viatu vilisikika. Koko akatupa nguo iliyolowa juu ya mraba wenyewe, mzima mzima, akaketi kizingitini.

Aliyetokea kwenye kona alikuwa Chanfi, jandarma wa miaka ishirini na kitu, aliyekulia mtaa wa pili. Alitazama juu, akatazama kushoto na kulia.

"Kwezi, koko," alimwamkia kwa heshima ya mkubwa.

"Mbona," Koko aliitikia, kama wazee wa Nzwani wanavyoitikia salamu hiyo.

"Mji mzima umekuwa mchafu siku moja?"

"Umekuwa mchafu siku nyingi. Sisi tumeanza na nguo."

Chanfi alicheka kidogo, kisha akamwona Dhakia na ndoo yake. "Na huyu? Simjui."

"Mke wa mjukuu wangu, wa kule mashambani Nioumakele. Hajui kukamua nguo. Mtazame, maji yote yanarudi ukutani."

"Hana jina?"

"Analo. Mwenye kumlisha ndiye anayelitumia."

"Hana ulimi pia?"

"Angekuwa nao ningepata usingizi wangu wa mchana, mwanangu? Shukuru Mungu hukuletewa mwenye ulimi."

Dhakia alitazama chini. Alihisi kwamba hata pumzi yake ilikuwa na lafudhi ya Moroni. Chanfi alisogea mpaka ukutani, akaunyanyua mtutu wa bunduki kuelekea pindo la ile nguo iliyolowa.

"Hiyo ni nguo ya mwanamke," Koko alisema, bila kupandisha sauti. "Ifunue. Halafu nitajikongoja na magoti haya mpaka kwa mama yako Nouriat, nimweleze ulichokuwa unakifunua mlangoni kwangu siku ya Ijumaa."

Mtutu ukashuka. Lakini macho hayakushuka. Kutoka chini ya pindo, uzi mwembamba mweusi ulikuwa unateremka ukutani. Wino wa printa. Maji ya shiromani yalikuwa yanauyeyusha mraba, nao ulikuwa unatoka wenyewe nje, polepole, ukapita ufa, ukafika kwenye jiwe la kizingiti karibu na mguu wa Koko. Wote wanne waliutazama.

"Inachuja rangi," Chanfi alisema mwishowe.

"Nguo za siku hizi," Koko alijibu.

"Mwambie mke wa mjukuu wako aoshe na ukuta." Akaenda zake, asigeuke.

Hawakujua ameelewa nini, wala angemwambia nani. Hilo ndilo lililomkaa Dhakia kuliko mtutu wenyewe. Siku zilizofuata alikaa chumba cha nyuma, kati ya magunia ya karafuu, kompyuta ikiwa imefukiwa ndani ya pipa la mchele. Kila viatu vilivyopita alivisikiliza mpaka vikaisha. Alimfikiria mama yake, Majunga, na maneno aliyoyacheka. Mara nyingi alijiona amekwisha kuchukuliwa, na akashangaa kusikia bado anaitwa kula.

Majeshi ya Muungano yalishuka alfajiri, na wenzao kutoka nchi za Afrika. Mizinga ilitikisa vyombo vya jikoni. Mchana milio ilipungua, na askari wakaanza kupita vichochoroni wakitafuta jandarma waliovua sare. Dhakia, nyuma ya dirisha, alisikia wakisimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akasikia lugha ya nyumbani, Kimoroni cha mjini, kama cha vijana wa mtaa wake. Walikuwa wamemshika mtu. Alichungulia. Chanfi alikuwa amepiga magoti kwenye kizingiti, miguu mitupu, amevaa kanzu isiyo yake.

"Mimi fundi wa nguo," alikuwa anasema. "Nafua nguo."

"Fundi gani ana alama ya mkanda wa bunduki begani?" askari alimuuliza. "Nani hapa anakujua?"

Milango yote ilikuwa imefungwa. Koko Ramlati alianza kusema kitu kutoka ndani, lakini lugha yake ilikuwa ya hapo hapo, na siku hiyo lugha ya hapo ndiyo iliyokuwa ya kutiliwa shaka. Askari hata hakugeuka.

Dhakia ameniambia kwamba hakuwa jasiri. Alifungua mlango huku ameushikilia ubao wake. Aliogopa askari, alimwogopa Chanfi, aliogopa majirani waliokuwa wakisikiliza nyuma ya madirisha, ambao baada ya neno moja wangejua hakuwa wa Nioumakele.

"Huyu namjua," alisema, kwa Kimoroni. "Ni wa nyumba hii."

Askari alimtazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lake ugenini. "Wewe wa wapi, dada?"

"Moroni. Binti wa Bahia, mshonaji."

"Bahia Sabena? Aliyenishonea kanzu ya Idi?"

"Huyo."

Askari alimtazama tena Chanfi, akamsukuma kwa goti aingie ndani, akawaita wenzake. Wakaondoka. Chanfi alibaki amekaa sakafuni ukumbini, uso ndani ya mikono. Hakumshukuru, na Dhakia hakungoja shukrani. Alikuwa anatazama ukuta karibu na mlango, ule uzi mweusi uliokauka, ambao hakuna aliyeuosha.

Koko Ramlati alijikokota, akafunga mlango kwa komeo.

"Kumbe una ulimi," alisema. "Haya, mpe maji mgeni wako."