Kiwanja cha Mwalimu Kilipoingia Ziwani

Shule yetu ilikuwa kisiwani Rusinga, chini kabisa karibu na maji, na kwa miaka mingi mwanafunzi akishafunga daftari hakuwa na jambo lingine la kufanya pale. Asubuhi tulisoma, mchana tulilima shamba la misheni, jioni tulirudi nyumbani kuteka maji na kuanika omena, dagaa wa ziwani. Hakuna aliyelalamika. Shule ilikuwa mahali pa kujua kusoma, kuandika na kuomba, basi.

Aliyebadilisha mambo ni mwalimu wetu wa darasa la tano. Boma lake lilipakana na shule. Akiwa kijana alipelekwa vitani Burma, akarudi na goti lisilokunjika vizuri pamoja na filimbi ya mbao aliyojifunza kuipiga kambini. Siku moja aliwaambia wazee wa shule kwamba atatoa sehemu ya ardhi yake, ile tambarare iliyoshuka hadi ufukweni, iwe kiwanja cha watoto. Mdogo wake alikasirika sana.

"Ng'ombe wako watakula wapi?" alimuuliza mbele ya watu.

"Ng'ombe anaweza kupanda mlima," mwalimu alisema. "Mpira ukichezwa mlimani unateremka."

Tulikifanyia kazi kiwanja kile msimu mzima wa kiangazi. Tuling'oa visiki, tukaokota mawe na kuyapanga pembeni, tukajaza mashimo ya mchwa kwa udongo wa ufukweni. Mwalimu alitembea nyuma yetu akichechemea, akikanyaga kila mahali kwa ule mguu mbovu ili ajue kama pamesawazika. Kiwanja kilipokamilika tukaanza kucheza mpira na kukimbia mbio, na baadaye, filimbi chache zilipopatikana kwa michango ya wazazi, akaanzisha beni, yaani bendi ya filimbi na ngoma. Ngoma tuliziwamba wenyewe kwa ngozi za mbuzi.

Beni ilikuwa ya wavulana. Hilo halikusemwa, lilijulikana tu. Kwetu msichana hakupiga mluzi, achilia mbali filimbi. Nyanya yangu alikuwa akinifinya mdomo akinisikia hata nikipuliza moto kwa sauti. Lakini mwalimu alituona, mimi na wasichana wengine wawili, tukisimama kila Ijumaa na mitungi yetu tukitazama mazoezi badala ya kwenda ziwani. Akatuita. Akanipa filimbi yake mwenyewe, ile ya Burma, akaniambia nipulize. Ilitoka hewa tupu. Nikapuliza tena, ikatoka sauti moja nyembamba iliyonitia hofu, nikaishusha haraka.

"Kwa nini umeacha?" aliniuliza.

"Watasema vibaya, Mwalimu."

"Watasema. Wewe puliza."

Na kweli walisema, baba yangu akiwemo. Mama mmoja wa kanisani alikuja kumlalamikia kwamba anawaharibu mabinti. Mke wake mwenyewe hakuipenda ile beni. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye maneno makali, anayenunua samaki kwa wavuvi na kuwapeleka kuuza Homa Bay. Alikuwa akitokea mlangoni pake na kutupigia kelele kwamba kuku wake wameacha kutaga kwa sababu yetu. Mwalimu alicheka, tukaendelea kupiga.

Alifariki mwanzoni mwa mwaka ambao nilikuwa darasa la sita. Homa ilimshika kifuani, akapelekwa hospitali kwa mashua, akarudishwa kwa mashua ile ile akiwa amefunikwa. Alizikwa bomani kwake, upande wa kulia wa nyumba, kama desturi inavyotaka, na kwa kuwa nyumba ilikuwa ukingoni mwa kiwanja, kaburi nalo lilikitazama kiwanja. Beni iliombwa kupiga. Tulijipanga, kiongozi wetu, kijana mrefu wa darasa la nane aliyepiga ngoma kubwa, akatoa ishara, na hapo nikajua jambo ambalo hakuna aliyekuwa amenifundisha: filimbi haipigiki kwa mtu anayelia. Midomo inatetemeka, pumzi inakatika. Siku ile zilisikika ngoma peke yake.

Mvua zilikuwa zimeshaanza kabla ya kifo chake, na hazikukoma. Zilinyesha wakati wa mvua, zikanyesha wakati wa kiangazi. Ziwa, ambalo sisi tunaliita Nam, lilianza kupanda. Mwanzoni tulifurahi kwa sababu mwendo wa kuteka maji ulipungua. Kisha mti ambao baba yangu alifungia mashua yake ukawa ndani ya maji, na baba akafunga mashua kwenye mti mwingine, na huo nao ukaingia. Wazee walisema maji yatarudi. Walikuwa wameyaona yakipanda na kushuka tangu utotoni, na hawakuwa na sababu ya kufikiri kwamba safari hii ni tofauti.

Kiwanja kilikuwa cha kwanza kuliwa. Goli la upande wa ziwa lilisimama ndani ya maji kwa miezi kadhaa, ndege wakitua juu yake, hadi likaanguka. Asubuhi tulikuta nyayo za kiboko mahali tulipokuwa tukikimbilia mbio. Ukuta wa darasa la chini ulilowana, ukapasuka, ukalala chini siku ya Jumapili, na tulishukuru kwamba ilikuwa Jumapili. Hapo wazazi wakakubali shule ihamie mlimani. Tulibeba madawati vichwani, akina baba wakabeba mabati, na wiki kadhaa tulisomea chini ya turubai huku kuta za udongo zikikauka.

Mlimani hapakuwa na mahali pa tambarare. Kwa hiyo kila Ijumaa beni ilishuka tena kufanya mazoezi kwenye kipande kilichobaki cha kiwanja, na kila mara tukakuta kipande kile kimepungua. Tulianza kwa kutembea mistari mirefu. Baadaye tukawa tunageuka kila baada ya hatua chache, na mwisho tulipiga tukiwa tumesimama tu, tumebanana karibu na kaburi la mwalimu, kwa maana pale ndipo ardhi ilipoinuka kidogo.

Kufikia hapo tulikuwa katika mwaka wa Uhuru. Chifu alileta habari kwamba shule za wilaya zenye beni zitapiga Homa Bay siku ya kupandisha bendera mpya. Sisi tulikuwa mojawapo. Watoto wengi wa kisiwani hawakuwa wamewahi kuvuka maji, na sasa tulikuwa tunaitwa mjini na serikali. Tuliimba njia nzima kurudi nyumbani. Mwalimu mmoja aliyekuwa ameusikia wimbo mpya wa taifa alitufundisha kwa kutuimbia kipande kimoja kimoja, nasi tukautafuta kwa vidole kwenye filimbi.

Mwalimu mkuu wetu wakati huo alikuwa mgeni. Alitoka upande wa Migori, Mkuria, mtu wa haki na wa kazi, lakini hakujua Kiluo, na mambo mengi ya kwetu aliyafahamu nusu. Aliona maji yanavyolisogelea kaburi, akafikiria jema. Alipanga kwamba mifupa ya mwalimu ifukuliwe, izikwe upya mlimani mbele ya shule, kwa heshima, beni ikipiga. Akamwendea mjane kumwambia. Alinichukua mimi ili nitafsiri pale Kiswahili kitakapokwama, ingawa mama yule alijua Kiswahili cha sokoni vizuri sana, maana wafanyabiashara Waislamu wa Homa Bay ndio waliokuwa wateja wake.

Tulimkuta akifunga vyungu kwa kamba. Mdogo wa marehemu alikuwa amekwisha kumjengea nyumba juu mlimani, naye alikuwa anahama siku zile zile. Ua lilikuwa matope. Alimpa mwalimu mkuu kiti, yeye akabaki amesimama.

"Mama," mwalimu mkuu alianza, "tumefikiria kuhusu marehemu. Hatutaki maji yamchukue. Shule itamhamisha. Tutamjengea kwa saruji, watoto wawe wanamwona kila siku."

Mama aliendelea kukaza kamba ya chungu. Nilidhani hakuelewa, nikaanza kutafsiri. Akanizuia kwa mkono.

"Mimi nimesikia," alisema. "Mwalimu, kwenu nyinyi nafukua mtu?"

"Hapana, Mama. Lakini haya ni maji."

"Hata hapa sisi hapana fukua. Shemeji yangu amekataa. Wazee wamekataa."

"Na wewe mwenyewe, Mama? Unasemaje?"

Lilikuwa swali ambalo nadhani hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza. Aliketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akageukia upande wangu, akaongea Kiluo, polepole, akinipa nafasi ya kumfuata.

Alisema kwamba usiku anayasikia maji, na kila akiyasikia anataka kwenda kuchimba kwa mikono yake mwenyewe. Kisha asubuhi inafika, anakumbuka kwamba mumewe alisafirishwa vya kutosha. Alipelekwa Burma bila kuulizwa. Alipelekwa hospitali wakati tayari anakufa, naye alikuwa ameomba aachwe nyumbani. Mahali pekee alipopachagua ni hapa. Ardhi hii aliipigania na ndugu yake ili watoto wawe na pa kuchezea, na kama ardhi inaingia majini, basi ataingia nayo. "Mwambie asinichukie," alimalizia. "Mwambie nimemshukuru."

Nilitafsiri. Mwalimu mkuu alivua kofia yake akaishika magotini. Kisha akasema, "Nimeelewa, Mama. Tutaacha."

Tulipokuwa tunaondoka mama akaniita nyuma. "Nyathina," aliniambia, neno la mtu anayemwita mwanawe, "mnakwenda Homa Bay lini?"

"Wiki ijayo, Mama."

"Kabla hamjaenda, njooni mpige hapa. Mpige vizuri. Asije akasikia mmeharibu."

Tulishuka Ijumaa ile na sare zetu za safari, ambazo mama zetu walikuwa wamezifua na kuzipiga pasi ya makaa. Maji yalikuwa yameshafika kwenye yale mawe tuliyoyaokota na kuyapanga. Kiongozi wa beni alituangalia, akatazama viatu, yaani vya wale wachache waliokuwa navyo, akasema tuvue. Tukaingia. Maji yalitufika vifundoni, ya vuguvugu, na chini yake nyasi za kiwanja zilikuwa bado hai, zinateleza. Mjane alisimama upande wa pili wa kaburi na leso yake imefungwa kiunoni. Shemeji yake alikuwepo, na wazee wawili watatu, na mwalimu mkuu nyuma kabisa.

Tulipiga nyimbo zote alizotufundisha marehemu, kuanzia ile rahisi ya kwanza ambayo kila mtoto mpya alianzia, hadi zile za kutembea kijeshi ambazo hatukuweza kuzitembea. Kisha tukapiga wimbo wa taifa ambao yeye hakuwahi kuusikia. Tulikosea mahali, tukarudia. Hakuna aliyelia. Tulikuwa tunashughulika mno na vidole. Tulipomaliza, mama aliinama, akarekebisha jiwe moja la kaburi lililokuwa limelegea, akasema tuende tukale, chakula kipo mlimani.

Homa Bay tulikwenda. Nakumbuka umati mkubwa, vumbi lililogeuka matope, Bwana DC mpya, mkuu wa wilaya, aliyekuwa mtu mweusi kama sisi, na wanawake waliopiga vigelegele hadi sauti zikakauka. Beni yetu ilipiga katikati ya hotuba mbili na sidhani kama waliokuwa mbali walitusikia. Mfanyabiashara mmoja aliyemjua mjane kwa biashara ya samaki alitukaribisha chai na mahamri dukani kwake, akawauliza wenzake kwa mshangao, "Hata wasichana wanapiga?" Mkaguzi wa shule aliyekuwepo pale alimwuliza mwalimu mkuu swali hilo hilo kwa namna nyingine, akaandika jina langu. Miezi michache baadaye nikaitwa kwenye shule ya bweni ya wasichana huko bara. Sijui kama ni filimbi au ni alama zangu za mtihani. Baba yangu aliamini ni filimbi, na tangu siku hiyo hakuwahi tena kuisema vibaya.

Maji hayakurudi. Nyumba ya zamani ya mjane ilianguka mwaka uliofuata, na kaburi likapotea kabla ya hapo, siku ambayo hakuna aliyeiona, kwa kuwa mafunjo yalikuwa yameota pande zote. Beni haikudumu. Mlimani walipata uwanja mdogo wa netiboli baada ya kuchimba sana, lakini hapakuwa na mahali pa watoto kutembea mistari, filimbi zikapasuka moja moja, na mwalimu mkuu alihamishiwa Ndhiwa. Watoto waliokuja baadaye walisoma, wakalima, wakarudi nyumbani.

Likizo ya kwanza nilipotoka bweni nilimpelekea yule mama ngege wawili waliovuliwa na baba. Nilimkuta anaanika omena mbele ya nyumba yake mpya. Amekonda zaidi, lakini ulimi ulikuwa ule ule. Aliniambia shule imeninenepesha kama mke wa chifu. Alipowaona samaki akafuta mikono, akawageuza, akawatazama matamvua.

"Baba yako ametega wapi siku hizi?"

"Upande wa Mbita, Mama. Kwenye mkondo."

"Si huku chini?"

"Hapana. Huku chini hategi."

Wengine walitega. Samaki walikuwa wamejaa kwenye mafunjo yale yaliyofunika kaburi, kila mvuvi kijana alijua, na wachuuzi wenzake yule mama wote walinunua kwao. Yeye hakuwahi kununua hata mmoja wa huko. Aliwapokea wangu wawili, akawaweka kwenye sahani akawafunika na jani la mgomba, kisha akasogea kwenye mkeka ili nipate pa kuketi.