Kilichowaua Shangazi wa Bernardine

Bernardine alikuwa mtu wa kuuliza. Kwenye chumba cha kufulia mashuka ya hoteli huko Burnsville, ughaibuni, wenzake walizoea kumwona akimsimamisha fundi wa mashine ili amweleze maji machafu yanakwenda wapi. Hata alipopata kansa ya ziwa, akiwa hajafika miaka arobaini, alimuuliza daktari maswali mpaka daktari mwenyewe akacheka. Alikatwa ziwa, nywele zikamtoka kwa dawa, zikaota tena, akarudi kazini.

Siku moja mwaka 2014, wakiwa wanakunja mashuka, mwenzake Kirsten, mzungu wa Anoka, alimwambia kwamba amepimwa jeni ili ajue kama amerithi hatari ya kansa.

"Kwani unaumwa?"

"Hapana. Mama ndiye aliyeugua. Daktari wake alitutuma mabinti wote mara moja."

Bernardine alibaki na shuka mkononi. Yeye aliyeugua mwenyewe hakuwahi kukisikia kipimo hicho.

Alipokwenda tena kliniki, aliuliza. Daktari alijikuna shingo. "Ningepaswa kukutuma tangu mwanzo," alisema. "Hata habari za ukoo wako sikukuuliza. Wagonjwa weusi wengi tunawaacha hivyo hivyo, na sina sababu nzuri ya kukupa."

Akampeleka kwa Lois, mshauri wa mambo ya jeni, Mkenya.

"Mama Gentille," Lois alimwuliza, akimwita kwa jina la binti yake, "upande wa baba kuna mtu aliyeugua?"

"Kwani kansa ya ziwa inapitia kwa baba?"

"Inapita kabisa, kama kwa mama tu."

Bernardine akawakumbuka shangazi zake wawili waliokufa bado vijana kule kwao, karibu na Bukavu. Ukoo ulisema walilishwa sumu. Mke mwenza wa Shangazi Ernestine, aliyeitwa Mama Sosthène, ndiye aliyesingiziwa, akafukuzwa pamoja na watoto wake.

Majibu yalipotoka, Lois alimweleza polepole. "Kuna badiliko kwenye jeni yako moja. Lakini hatujui kama lina madhara."

"Nani anajua?"

"Kwa sasa, hakuna. Waliopimwa sana ni wazungu. Mzungu akikutwa na badiliko, mara nyingi wapo wengi wa kumlinganisha nao. Wewe bado huna wa kulinganishwa naye."

"Basi mtajuaje?"

"Ndugu zako wakipimwa, itasaidia."

Alikwenda mji wa Crystal kwa kaka yake mkubwa, Birindwa, akamkuta anakula bugali, akamwomba naye apimwe.

"Mimi mwanaume, nina ziwa gani?" Birindwa alisema.

"Yaya," Bernardine alisema, kama kwao wanavyomwita kaka mkubwa, "baba yetu ni mmoja."

Birindwa alicheka, akaendelea kula. Bernardine hakumsukuma, ila swali la wale shangazi lilikataa kumtoka. Alitafuta namba ya Mama Sosthène kwa watu wa kanisa la kule kwao, akampigia.

"Mama, shikamoo. Ni mimi, binti wa kaka yake Ernestine. Naomba uniambie ugonjwa wake ulianzaje."

Mama Sosthène aliitikia salamu.

"Ulianza kama kijiwe ndani ya ziwa," alisema. "Baadaye kikawa kidonda. Mimi ndiye nilikuwa namwosha. Tangu wanifukuze, wewe ndiye wa kwanza kuniuliza."

Bernardine alimsimulia Birindwa neno kwa neno. Kaka yake aliinamisha kichwa. Shangazi Ernestine ndiye aliyemnunulia viatu vya kwanza vya shule, na Birindwa mwenyewe alikuwa miongoni mwa vijana waliomtolea Mama Sosthène vyombo nje alipofukuzwa.

"Nipe namba yake," alisema. Kisha akaongeza, "Na hao watu wa kipimo, wanataka mate yangu lini?"

Miaka ilipita. Mwaka 2018 Lois alimpigia Bernardine: watu wengi zaidi wenye asili ya Afrika walikuwa wamepimwa, na sasa ilijulikana kwamba lile badiliko halina madhara.

Bernardine alimshukuru Mungu, kisha akauliza, "Sasa shangazi zangu waliuawa na nini?"

"Inaelekea ilikuwa kansa, kwa jinsi ulivyonieleza. Lakini kama ilikuwa ya kurithi, huenda ni jeni nyingine, ambayo hatujaifahamu bado. Kwa hiyo Gentille aanze kuchunguzwa mapema."

"Na hiyo nyingine, kuna mtu anaitafuta?"

"Wapo, Mama Gentille."

"Basi waambie kwetu tuko wengi," alisema Bernardine, "na sasa Yaya hakatai."